Kaka Alinivunja Goti kwa Sababu ya Saa, Leo Anamchukua Binti Yangu

Admin, tafadhali niweke bila jina wala picha, maana watu wetu wamejaa kwenye ukurasa wako. Mimi ni mama wa miaka hamsini kasoro kidogo, naishi Kangari, nachuma majani chai. Kitinda mimba wangu amemaliza kidato cha nne na ana mbio za ajabu. Jumamosi hii anahamia Ruring'u kwa mjomba wake ili afanye mazoezi karibu na uwanja wa riadha wa huko. Huyo mjomba, nimwite Maina, ni kaka yangu mkubwa. Ndiye aliyenivunja goti. Binti yangu hajui.

Mwezi uliopita Maina alimletea saa ya wakimbiaji, zile za satelaiti, zinazoonyesha ulikopita, mwendo wako na hata mapigo ya moyo. Yote anayasoma kwenye simu yake akiwa amekaa kwake Ruring'u. Nyumba nzima ilishangilia. Mimi nilienda nyuma ya choo, nikakaa huko mpaka waliponiita.

Turudi miaka ya tisini. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na hapa kwetu hakuna mvulana aliyeniacha kwenye mlima. Mwalimu mmoja mzungu wa kujitolea, mwanamke, alikuwa akikimbia nami kwenye barabara za majani chai. Aliporudi kwao aliniachia saa yake. Satelaiti haikuwa nayo, wakati huo nani angeijua? Ilikuwa na mkanda wa kufunga kifuani, chini ya matiti, unaosikiliza moyo na kuiambia saa. Mkanda huo lazima uuloweshe kwanza ndipo usikie, na mimi alfajiri nilikuwa nautemea mate tu, naufunga, naondoka. Moyo ukipita kiwango, saa inalia, nami napunguza mwendo. Jamani, ile saa ilinifunza! Zamani nilikuwa napanda mlima kwa kiburi halafu naishiwa huko juu. Baada ya kukaa nayo zaidi ya mwaka nilikuwa nafika juu na bado niko na pumzi ya kucheka. Nikachaguliwa kukimbilia wilaya yetu kwenye mashindano ya mkoa.

Lakini wenye umri wangu mnakumbuka uvumi wa waabudu shetani. Kanisani ni wao, sokoni ni wao. Ati wanavaa vitu vya siri chini ya nguo, ati wanatoa kafara watoto wa ndugu zao. Wiki hiyohiyo mke wa Maina alijifungua mtoto aliyekufa. Asubuhi moja Maina akaniona nikitemea mate ule mkanda na kuufunga kifuani. Aliningoja nirudi.

Nilimkuta uani na mpini wa jembe. Alinishika nywele, akararua fulana, mkanda ukaonekana. "Ni hii ulitumia kukula mtoto yangu?" Nikajaribu kumweleza kwamba ni ya mazoezi, akanipiga mdomoni, meno mawili yakatoka. Hapo saa ikaanza kulia. Ndugu zangu, ile saa haijui kama unakimbia au unapigwa, inajua moyo tu. Alivyozidi kunipiga, moyo ulizidi kwenda mbio, na saa ikazidi kulia, naye akaona shetani anamjibu.

"Nyamazisha hiyo kitu!" alipiga kelele.

"Ukiwacha kunipiga itanyamaza!"

Akanipiga mbavu. Akanipiga mgongo. Majirani walisimama kwenye ua wakitazama, wengine wakiimba nyimbo za kanisa. Mama yangu alitoka jikoni, na nilifikiri amekuja kuniokoa. Alisema, "Maina, mtoe huyo shetani, lakini usimuue." Basi Maina akaona kinachokimbia ni miguu, akalipiga goti langu la kulia mpaka mfupa ukatokeza. Mkanda na saa akavitupa motoni. Nilipelekwa hospitali nyuma ya pikapu, na mama akamwambia daktari nimeteleza nikichuma chai. Hayo ndiyo maneno ambayo familia yote inayasema mpaka leo.

Sasa Maina ni mzee wa kanisa na kocha. Kila asubuhi anawafunga watoto wa wenyewe mikanda kama ile ile. Kwa hivyo anajua! Anajua vizuri sana, na hajawahi kuniambia pole. Nilimpigia simu wiki iliyopita.

"Maina, umesahau ulinifanyia nini?"

"Dada, hiyo ni ujinga ya zamani. Shetani alitudanganya sisi wote."

Sisi wote! Mimi nilidanganywa nini, nikiwa chini natema meno?

"Na huyu mtoto akikukosea?"

"Kwangu hakuna msichana ananisumbua. Wote wananyooka."

Mama sasa ni mzee, amelala kitandani. Nilipomwambia nataka kusema ukweli alilia na kusema nitamuua kabla ya siku zake. Na binti naye hana nafasi nyingine. Akikosa Ruring'u, ni kikapu cha chai kama mimi.

Jana jioni tulikuwa tunakunja nguo zake. Nikamwambia afikirie tena, labda angoje mwaka ujao. Akakasirika.

"Mum, kwani hutaki niende mbele? Uncle aliniambia. Ati hata wewe ulikuwa unakimbia, ati goti ilipona lakini ukawacha juu ya uvivu."

Nilikunja sweta lake nikaliweka kwenye begi. Goti lilikuwa linaniuma kwa sababu ya baridi, na sikuweza hata kusimama nimwangalie usoni.

Tafadhali msiniambie nimwombee Maina, nimemwombea mpaka nikachoka. Niambieni hivi tu, hasa nyinyi mlio na mabinti: nimwambie mtoto ukweli na mama yangu afe akinilaani, au ninyamaze nimpeleke Jumamosi kwa mikono yangu mwenyewe?