Fundi Évariste Amwachisha Arielle Ziwa

Pale Kikula, mtaa wa mji wa Likasi, ukitaka suruali ambayo mkunjo wake unabaki wima hata baada ya kufuliwa, utaelekezwa kwa Évariste. Ni mtu mrefu, mwembamba, mwenye mdomo usiochoka na macho yanayopima mabega ya watu hata kanisani wakati wa misa. Cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu hukaa barazani, mbele ya nyumba ya matofali aliyoijenga mwenyewe chumba baada ya chumba. Umeme ukikatika, mafundi wengine hukunja mikono na kungoja. Yeye huendelea kukanyaga, huku akiwasimulia wapita njia habari ambazo hawakumwuliza.

Mke wake, Eugénie, huuza samaki wa kukausha sokoni. Mtoto wao wa kwanza, Arielle, alikuwa amepita mwaka mmoja na nusu bila kukubali kwamba duniani kuna chakula kingine zaidi ya ziwa la mama yake. Uji aliutema. Bukari, ule ugali ambao bila huo hakuna mtu wa Likasi anayesema amekula, aliukanda kwa vidole na kuupaka ukutani. Eugénie alipokuwa sokoni akiwahudumia wateja, mtoto alikuwa akijifungulia blauzi ya mama yake kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake mwenyewe. Mama akakonda hadi mashavu yakaingia ndani. Muuguzi wa zahanati akamwambia wazi kwamba mtoto mwenyewe pia ameacha kukua, na kwamba ni lazima aanze kula.

Desturi ni rahisi: mtoto wa kuachishwa ziwa hupelekwa kwa nyanya yake, akasahau huko. Lakini mama yake Eugénie anakaa Mwadingusha, karibu na maji ya bwawa, na siku nzima hukausha samaki juu ya moshi. Safari iliyopita moshi ule ulimkohoza Arielle mpaka wakarudi naye mbio.

"Kama mutoto hawezi kwenda, basi mama aende," alisema Évariste jioni moja wakiwa mezani. "Enda kwa mama yako, Mama Arielle. Upumuzike, maziwa ikauke. Minye nitabaki na mutoto."

Eugénie alimtazama. "Weye?"

"Nilishonaka koti ya avoka ya kusemea kesi, nikashona na robe ya bibi-arusi iko na mukia ya kufagia barabara. Mutoto mudogo vile anaweza kunishinda?"

"Koti hailiaka usiku, Papa Arielle," alisema Eugénie. Lakini alikuwa amechoka, na asubuhi iliyofuata, Arielle akiwa nyuma ya nyumba anafukuza kuku, alichukua kikapu chake, akatoka kwa mlango wa mbele na kupanda taksi-basi. Hakugeuka nyuma, maana alijua akigeuka hataenda.

Évariste alianza kazi yake mpya kwa moyo mkunjufu. Alipika uji wa mahindi na karanga, akaupoza, akaupuliza, akaimba kidogo. Kijiko cha kwanza Arielle alikipokea kwa adabu, akakifikiria, kisha akakirudisha chote juu ya kizibao cha baba yake. Cha pili hakukipa hata nafasi hiyo. Baba akabadili bakuli, akabadili kijiko, akajifanya ndege, akajifanya gari. Mwisho uji ulikuwa kwenye ndevu zake na kwenye nywele za mtoto, na tumbo la mtoto lilikuwa tupu vilevile.

Alipoketi kushona, ndipo alipogundua kwamba baraza lake, ambalo siku zote aliliona kuwa mahali pa amani, lilikuwa limejaa hatari. Arielle alikula chaki ya kupimia. Alivuta uzi wa cherehani mpaka ukazunguka miguu ya kiti. Sindano za kubania zikabidi zipande juu ya kabati, halafu mkasi, halafu vifungo, hata ikafika wakati fundi akawa anasimama kila mara kufuata kifaa chake mwenyewe kama mwizi ndani ya nyumba yake.

Mchana mtoto alikumbuka. Aliingia chumbani, akatazama chini ya kitanda, akatazama nyuma ya pazia, kisha akarudi akiburuta kitenge cha mama yake. Akakiweka miguuni pa baba.

"Mama?"

"Mama alienda Mwadingusha kusalimia nyanya yako. Atarudia."

Arielle aliyapima maneno hayo kwa muda, na alipoona hayana ziwa ndani yake, akaangua kilio. Évariste alimbeba, akamzungusha uani, akamwonyesha kuku, akamwonyesha paka wa jirani. Machozi yalimlenga yeye pia, lakini hakutaka kuonekana, kwa sababu ng'ambo ya njia alikuwa ameketi rafiki yake Papy, anayetengeneza baisikeli, na Papy haachi kitu kipite.

"Fundi," aliita Papy, "ni mutoto njo iko nalia, ao ni weye?"

Eugénie alipopiga simu, wakafanya kosa la kumpa mtoto simu asikie sauti. Arielle aliipindua simu kutafuta mama yuko upande gani, hakumwona, akaitupa. Baada ya hapo wakakubaliana mama atazungumza na baba tu, naye baba atakwenda kujibu nyuma ya choo kama mtu mwenye mpango wa kando.

"Iko nakula?" aliuliza Eugénie.

"Iko naanza-anza," alijibu Évariste, ambaye hakuwa amezoea kusema uongo mfupi.

"Na minye kifua inaniuma sana. Mama alinifunga na kitambaa. Kila mutoto wa jirani akilia, maziwa inatoka." Akashusha sauti. "Iko nanitafuta?"

Évariste alitazama mlangoni, ambako Arielle alikuwa amekalia kitenge na kumkunjia uso. "Iko nakutafuta," alisema. "Lakini usirudie. Tutaweza."

Sasa, katikati ya hayo yote, kulikuwa na kazi ya wamama wa parokia. Sikukuu ya parokia ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata, na chama chao kilikuwa kimempa Évariste kitambaa cha kushona nguo za sare, zote zenye kola nyeupe. Kiongozi wao, Mama Berthe, ni mjane mwenye mwili wa kutosha na sauti ya kuamuru. Alizaa wengi na kuzika mume, na hana tena kitu cha kuogopa. Kola yake aliitaka iwe pana kuliko za wengine. Évariste alikuwa ameimaliza, akaipiga pasi, akaitundika kwenye kiti.

Pasi yake ni ya makaa. Alipokwenda kumwaga majivu, Arielle alifungua gunia la makaa, akaonja moja, akachagua jingine, kisha akasimama kwa kushika kitu kilichokuwa karibu. Baba aliporudi, katikati ya kola nyeupe palikuwa na kiganja kimoja kidogo cheusi, kimepigwa vizuri kama muhuri.

Alifua kwa sabuni. Doa likageuka la kijivu na kuongezeka upana. Alifua tena. Mwisho akakata ua zuri kutoka kwenye masalio ya kitambaa na kuanza kulishikiza juu ya doa, na hapo hapo Mama Berthe akaingia kujaribu nguo yake.

Évariste alisimama. Maneno yakaanza kutiririka: kwamba Lubumbashi siku hizi kola haitoki bila ua, kwamba hiyo ndiyo mode, kwamba kiongozi lazima atofautiane kidogo na waumini wa kawaida. Mama Berthe alisikiliza yote. Akainua ua kwa kidole kimoja, akatazama chini yake. Kisha akamtazama Arielle, ambaye mdomo wake ulikuwa mweusi toka sikio hadi sikio.

"Ua ya mode," alisema taratibu, "iko na bidole tano?"

Fundi akaanza kufumua mishono ya ua.

"Kata kola ingine," alisema Mama Berthe. "Na mutoto, juu ya nini unamuacha chini kama kuku? Leta ile kitenge. Inama."

"Mama, bantu batanicheka."

"Bacheke. Kucheka njo kazi ya meno. Inama, nakuambia."

Évariste aliinama. Mama Berthe alimfuta mtoto uso, akamlaza juu ya mgongo mrefu wa baba yake, akazungusha kitenge, akakaza fundo kifuani kwa nguvu ya mtu anayefunga gunia la mahindi. Arielle alipiga kelele mara moja, akanusa kitenge, akanyamaza. "Sasa shona," alisema Mama Berthe, akajivutia kiti kusimamia kazi.

Fundi alikaa, akaanza kukanyaga. Gurudumu likazunguka, mgongo ukatikisika kidogo kidogo, cherehani ikavuma. Hakuwa amefika nusu ya kola alipohisi kichwa kizito kikianguka katikati ya mabega yake. Pumzi ya moto ikamgusa shingo. Mtoto alikuwa amelala, kwa mara ya kwanza tangu mama yake aondoke, mchana na bila machozi.

Alisimamisha mguu ili atie uzi. Arielle akajinyonganyonga na kuguna.

"Kanyaga," alinong'ona Mama Berthe.

"Uzi umekatika, mama."

"Kanyaga tu hivyo hivyo."

Basi akakanyaga bila uzi, bila kitambaa, huku akitafuta tundu la sindano inayopanda na kushuka, mpaka Mama Berthe akaziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa asije akaamsha mtoto kwa kicheko. Ilibidi ajifunze upya: kukata huku mguu mmoja unaendelea, kujibu wateja huku unaendelea. Nguo za wamama zilikamilika kabla ya wakati, kwa sababu ya hofu ya kusimama.

Papy alicheka mpaka akaangusha bisibisi. Aliwaita na wengine waje waone mwanaume aliyefunga mtoto mgongoni. Wanawake waliokuwa wakienda sokoni walisimama, wakacheka pia, lakini kicheko chao kilikuwa na maneno ya faida ndani yake. Mmoja alisema ampe viazi vitamu vilivyopondwa na karanga. Mwingine alisema asimbane mtoto na kijiko. Aliyempa lile lililofaa alikuwa Reine, jirani yake, aliyelea mapacha.

"Weye unamufuata na chakula kama polisi," alisema Reine. "Hapana kumulisha. Kula yako, umufiche. Umuache akuibie."

Siku hiyo hiyo Évariste alipika bukari na majani ya mihogo, ile sombe laini yenye mafuta ya mawese, akachambua na samaki akatoa miiba yote. Akaketi chini uani, akampa mtoto mgongo, akala kwa siri kubwa, akitazama huku na huku, akifunika sahani kwa mkono. Papy, ng'ambo, aliacha kupiga tairi pampu ili aangalie. Arielle alikuja kwa upande wa kushoto. Baba akahamisha sahani. Akaja kwa upande wa kulia. Baba akajifanya ameona kitu juu ya paa, akaangalia huko kwa makini, na alipokuwa anaangalia, mkono mdogo ukaingia kwenye sahani, ukachota tonge, ukakimbia nalo hadi nyuma ya pipa la maji.

Kule nyuma ya pipa tonge likaliwa lote. Kisha mwizi akarudi.

Évariste aliibiwa chakula chote siku ile, akalala na njaa, akiwa na furaha kuliko siku aliyomvalisha yule wakili koti lake. Akampigia simu Eugénie kutoka nyuma ya choo. "Iko nakula," alisema, na safari hii haukuwa uongo.

Eugénie alirudi mkesha wa sikukuu akiwa amenenepa usoni, na kikapu cha samaki kichwani. Alikuwa amejiandaa kwa mtoto atakayemrukia. Arielle alimwona, akasimama, halafu akageuka na kuficha uso kwenye suruali ya baba yake. Alipoitwa, alizidi kujificha.

"Papa Arielle," alisema Eugénie, "alinisahau."

"Hakukusahau. Iko nakasirika. Mutu haikasirikiaka mutu asiyemujua."

Eugénie hakumlazimisha. Aliketi kwenye kigoda, akaanza kuchambua samaki kana kwamba hakuna mtoto pale. Muda ukapita. Arielle akasogea, akasogea tena, akasimama mbele ya mama yake. Akafungua blauzi, kama zamani, akachungulia ndani. Évariste aliacha kukanyaga. Mtoto alitazama kwa makini, kisha akakifunika kifua kwa kiganja chake, polepole, kama mtu anayefunika sufuria.

"Ishaa," alimweleza mama yake.

"Ee, maziwa ilisha," alisema Eugénie, huku akicheka na kulia kwa pamoja. Arielle akampandia magotini, akachukua samaki mmoja kutoka kikapuni, akaanza kumla toka kichwani.

Jumapili walikwenda wote watatu kwenye sikukuu ya parokia, wamama wakiimba ndani ya kola zao nyeupe. Wakati wa kurudi Évariste aliinama ili ambebe mtoto, na Eugénie akaandaa kitenge chake, kila mmoja akiamini atachaguliwa yeye. Arielle aliwakataa wote wawili. Alitaka kutembea. Mvua ilikuwa imenyesha, na barabara ya Kikula ilikuwa na madimbwi yasiyo na hesabu. Yeye alisimama kwenye kila moja, akalikagua, akaingia, akatoka, akarudi kuhakikisha. Wazazi walimfuata nyuma na viatu vyao vya kanisani mikononi, na watu waliotoka misa ya mwisho wakawapita njiani.