Mama Mkwe Dirishani

Karani wa stempu katika posta ya mjini kwetu, kijana wa tai pana, huwa hamtazami mtu usoni. Juzi mama aliyekuwa mbele yangu alimwamkia, akajibiwa, "Sema unachotaka!" Stempu ikarushwa kama ganda la ndizi.

Mara akaingia mama mwingine, mgeni kutoka Nyaramba, kapu mkononi. Karani akaruka kitini, akageukia ukuta.

"Mzee, nisaidie," akaninong'oneza. "Huyo ni mama mkwe!"

Kwetu Kisii, mume wa binti hasemi na mama mkwe ana kwa ana, wala hampi kitu mkono kwa mkono. Basi nikawa mjumbe.

"Mwambie mama karibu sana," karani aliuambia ukuta. "Muulize kama nyumbani wote ni wazima. Mpe stempu hii, na pole kwa safari."

Mama naye, macho chini, akamshukuru kupitia kwangu, akaondoka ameridhika. Kumbe kijana ana adabu tele, ila ameuwekea ukoo wa mkewe!

Yule mama wa kwanza, aliyekuwa kando akilamba stempu yake, akarudi dirishani.

"Mwanangu," akasema, "hata mimi nina mabinti nyumbani. Anza kunisalimia mapema."