Mtawa wa kile kitabu cha kijani, na jina alilolifuta kwenye kaye yangu

Jumanne ya pili ya Kwaresima, 1966, saa tatu na nusu asubuhi. Hapo ndipo Masera aliponinyooshea mkono mbele ya darasa zima akasema, "Lete kaye."

Wakuu, nawasalimu wote, wa Masisi, wa Walikale, na ninyi mliotawanyika mbali.

Mimi humu huwa nasoma tu, siandiki. Ni mtu wa haya tangu utoto. Lakini wiki jana mkuu mmoja aliweka picha ya kitabu cha sala cha bibi yake, kile kidogo chenye jalada la kijani, akauliza nani alikitunga, maana juu kumeandikwa tu "Mtawa mmoja wa Masisi". Mkajaza uzi kwa sifa. Mtakatifu. Mama wa maandishi yetu.

Mimi ninamjua.

Nitasema yaliyotokea, hata yale yanayonichoma mimi mwenyewe. Kaye yangu, yaani daftari, ya wakati ule iko hapa mezani. Nilikuwa na miaka kumi na sita, mwaka wa tatu wa sekondari kwa masera wa Masisi. Masera ndivyo tunavyomwita mtawa kwetu.

Kwanza mumjue mwenyewe.

Aliitwa Masera Perpetua. Mtoto wa wakulima wa maharage, vilima vya hapa hapa Nyabiondo. Aliingia utawani akiwa msichana, na mapadri wazungu wakagundua haraka kwamba anaandika Kiswahili ambacho mama zetu wanakielewa. Wakampa kazi ya kutafsiri. Maisha ya watakatifu, katekisimu, nyimbo za Pasaka, vyote vilipita mikononi mwake. Padri anatia sahihi, Masera anarudi jikoni kumenya viazi.

Vitabu vilitoka kwa jina la padri, au bila jina. Huo waliuita unyenyekevu.

Kile cha kijani alikitunga kwa penseli, ameketi juu ya gunia la maharage ndani ya stoo, kwa sababu ofisi ilikuwa ya padri. Hilo hamkulijua, eti?

Mwaka 1964 waasi walipokaribia, wazungu wakakimbia. Gazeti la misheni likabaki yatima. Lilikuwa karatasi nne zilizokunjwa, kila mwezi, na watu waliliita Karatasi, basi. Masera akalichukua. Aliandika, akahariri, akazungusha mwenyewe mkono wa ile mashine ya kunakili mpaka bega likavimba. Mapadri waliporudi wakakuta Karatasi inasomwa mpaka Walikale. Wakamwachia.

Mhariri mwanamke, mweusi, mtoto wa Nyabiondo. Sisi wasichana tulitembea nyuma yake kama vifaranga.

Mimi alinichagua kuchapa stensili. Alisema ni kwa sababu siongei ovyo. Nilimpenda, niseme wazi. Baba alikuwa amekufa, na huyu ndiye mtu wa kwanza aliyeniambia kwamba ninayoyaandika yana maana.

Alikuwa na swali moja kwa kila habari iliyofika mezani kwake: "Hii inajenga?" Kama haijengi, penseli nyekundu.

Sasa turudi kwenye kaye.

Shuleni kwetu kila msichana alikuwa na kaye ya roho, ya kuandika dhambi na shukrani zake, na wakati wa Kwaresima masera walizisoma. Wenzangu waliandika "nimekuwa mvivu", "nimemjibu mama vibaya". Mimi mjinga niliandika kila kitu.

Niliandika tulivyopona mwaka 1964. Nakopi:

"Baba alikuwa mwalimu wa misheni huko Walikale. Waasi walikuwa wanatafuta walimu na makarani. Papa Bauma alikuja asubuhi, hakupiga hodi. Alisema: Mwalimu, beba batoto, acha bitabu."

Papa Bauma alikuwa jirani yetu. Alitupeleka kwenye kibanda cha shamba lake ndani kabisa ya msitu, baba, mama, mimi na wadogo zangu. Tulikaa wiki tatu. Wake zake wawili walipokezana kutuletea muhogo na sombe, yale majani yake. Waasi walipofika kwake na kuuliza njia, alikubali wamchanje chale za dawa yao ya kuzuia risasi, akabeba mizigo yao kichwani na kuwapitisha njia ya upande mwingine, siku mbili nzima, mbali na sisi.

Watu walimwona akiwa na mizigo hiyo kichwani. Likumbukeni hilo.

Baba alitoka msituni na homa, hakumaliza mwezi. Lakini alifia kitandani, mkono wake ndani ya mkono wa mama.

Papa Bauma hakuwa amebatizwa. Mwenye wake wawili hakubatizwa, iliishia hapo. Kila Jumapili alisimama nje, dirishani pa kanisa, akiimba kuliko sisi wa ndani. Baba alimtania: "Papa Bauma, leo umetufunika wote!" Naye: "Mwalimu, muntu ya bibi wawili, ndani ya nyumba hapati nafasi ya kusema. Anakuya kuimba inje."

Hayo yote yalikuwa kwenye kaye.

Mchana Masera aliniita stoo. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mutoto wangu, hii iko muzuri sana. Nimelia. Tutaweka mu Karatasi ya Pasaka. Na jina yako chini."

Jina langu! Yeye ambaye lake halikuwahi kuchapwa popote. Nilitamani kuruka.

Halafu akachukua penseli nyekundu.

"Lakini huyu Papa Bauma..."

"Masera, yeye njo alituficha."

"Minajua. Lakini iko na bibi wawili. Na alichanjwa dawa ya waasi. Mimi nitaambia wakristo, mu Pasaka, bafuate mufano ya muntu wa vile?"

"Sasa tutasema nani alituficha?"

Alinitazama kwa upole. Upole ule ndio ninaoukumbuka mpaka leo.

"Mungu alibaficha, mutoto wangu. Ni bongo?"

Ningesema ni bongo, ni uwongo? Kwamba Mungu hakutuficha?

Akapiga mistari juu ya jina la Papa Bauma, mle mle ndani ya kaye yangu, kila lilipotokea. Akaandika pembeni habari ya rozari na ukungu uliotufunika kama shuka. Na sentensi moja, hii hapa, mwandiko wake mzuri wa kulala: "Hapakuwa na mtu hata mmoja wa kutusaidia."

Stensili niliichapa mimi, kwa vidole hivi.

Karatasi ya Pasaka ikatoka. Wasichana wakanipongeza, padri akaisoma altareni. Wakuu, nilifurahi. Nisiwadanganye, nilifurahi wiki mbili nzima.

Halafu mama akaja.

Baada ya baba kufa tulikuwa tumerudi kuishi Nyabiondo, naye alikuja kwa miguu mpaka Masisi, akanikuta chumba cha wageni cha masera. Hakukaa. Kitenge kilikuwa na matope mpaka magotini.

"Weye uliandika nini?"

"Wapi, mama?"

"Bamemufunga Papa Bauma, bamemuleta hapa Masisi. Banasema alikuwa muntu ya waasi, alibabebea mizigo. Akasema: muulize bibi ya mwalimu, niliwaficha. Bakaniita kwa teritware, kwa ofisi ya serikali. Nikasema kweli, alituficha. Ajenti akatoa Karatasi mu meza akanisomea. Jina yako iko chini. Akasema: mama, weye unadanganya serikali. Mutoto yako mwenyewe aliandika kama hapakuwa muntu hata moja."

Mama hakujua kusoma. Alinishika kidevu kama nilipokuwa mdogo.

"Sasa mimi njo mubongo?"

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Ijumaa kesi ingesikilizwa.

Nilikimbia stoo. Masera alikuwa anapanga nyimbo za mwezi wa Maria. Nilimwambia. Aliketi polepole juu ya gunia lake.

"Nitaandika sahihisho," akasema.

"Itatoka lini?"

"Lazima kwanza ifike kwa Monsinyori, basome, bakubali. Unajua."

Nilijua. Hakuna mstari uliotoka bila kibali, na kibali kilichukua wiki nyingi.

"Masera, kesi ni kesho kutwa. Kuya tu useme weye njo ulibadirisha."

Sikuwahi kumwambia mtu mzima "kuya", njoo, kabla ya siku ile.

Alizungusha penseli kidoleni.

"Nikisimama mbele ya serikali niseme Karatasi inaandika mambo ambayo hayakukuwa, kesho inafungwa. Banangojea tu nikosee. Batasema: munaona, tulimupa mwanamuke. Unajua miaka ngapi nimeikala juu ya hii gunia?"

"Na Papa Bauma?"

Alivua rozari yake kiunoni akanitia mkononi. "Itakupa nguvu. Weye utasema. Kaye iko na weye."

Mimi. Niliyekuwa nashindwa hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Ijumaa niliingia ofisi ya teritware, kaye imebanwa kwapani chini ya sweta, rozari mfukoni. Mama aliambiwa abaki nje. Papa Bauma alikuwa ameketi kwenye benchi ya mbao, miguu mitupu, amekonda. Aliponiona akatabasamu na meno yote, kama tumekutana njiani kwenda mtoni.

Ajenti aliinua ile Karatasi.

"Hii jina iko yako?"

"Ndiyo."

"Njo weye uliandika?"

Usiku uliopita nilikuwa nimeandika jibu langu na kulikariri. Ndiyo, lakini. Lilianza hivyo. Ndiyo, lakini Masera alifuta, tazameni wenyewe hapa chini ya penseli nyekundu.

"Ndiyo," nikasema.

Halafu "lakini" ikakataa kutoka. Nilifungua mdomo, wakuu. Nilisikia hewa tu. Mkono uliobana kaye ulikuwa mzito kama si wangu. Nikaanza kulia, na ajenti akapiga meza, "Sema, weye!", ikawa mbaya zaidi.

Papa Bauma ndiye aliyesema.

"Bwana ajenti, muache mutoto. Iko anatetemeka."

Ajenti akakunja Karatasi. "Basi."

Mara ya pili alinificha.

Kamyo, yaani lori, ilimchukua mchana uleule kwenda gereza la Bukavu. Hakurudi. Habari ya kifo chake ilitufikia kabla hatujavuna maharage ya msimu uliofuata. Walisema kuhara. Mwili hatukuuona.

Niruke mbele kidogo nimalize habari ya Masera, maana ndiyo mliyouliza.

Sahihisho lilitoka miezi miwili baadaye. Mistari minne chini ya ratiba ya misa. Lilisema kwamba katika habari ya Pasaka ilisahaulika kutajwa "jirani mmoja mwema" aliyesaidia pia. Jirani mmoja. Kama "mtawa mmoja". Hata hapo hakuweza kuandika herufi tano.

Karatasi haikufungwa. Aliihariri miaka mingine mingi, akatunga vitabu viwili tena, na akazikwa kwa misa ya mapadri saba.

Tulikutana mara moja tu, soko la Kitshanga, ameshazeeka. Alinishika mkono akauliza, "Ungali unaandika?" Nikasema hapana. Nilimdanganya makusudi, nikaona imemuuma, na nikafurahi. Hilo nalo nimeliungama.

Msinielewe vibaya. Kitabu cha kijani ni kizuri. Mimi mwenyewe nasali nacho, ile sala ya mama anayenyonyesha sijaona ya kuishinda. Mkitaka jina lake liwekwe kwenye jalada, liwekeni, alinyimwa haki yake. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Nasema alijua vizuri kuliko wote jinsi inavyouma kufutwa, na bado penseli haikutetemeka.

Na mimi nilikuwa na kaye kwapani.

Kama kuna somo ni hili tu: usimruhusu mtu, hata unayempenda, airembeshe habari yako kabla hujajiuliza ni nani anatolewa ndani yake. Mimi nilijiuliza, nikanyamaza kwa sababu jina langu lilikuwa linaingia.

Sasa ombi. Kama nyumbani kwenu, ndani ya sanduku la wazee, kuna Karatasi ya Pasaka ya 1966, chukueni kalamu muandike pembeni: Bauma. Na wenye la kusema waseme. Mnitukane, sawa. Ila mniambie kwa kweli, mkiwa na miaka kumi na sita, mbele ya yule ajenti, ninyi mngeitoa ile kaye?

Yaliyobaki ni ya kesho yake baada ya kesi, Jumamosi.

Asubuhi sikuenda kwenye misa, sikuchapa stensili. Rozari ya Masera niliitundika kwenye mkono wa mashine ya kunakili, nikashika njia ya Nyabiondo peke yangu. Wake wa Papa Bauma walikuwa wamefikia kwa mama, wakingoja habari ya kesi. Niliwakuta uani wanapura maharage, Mama Mukubwa na Mama Mudogo. Walikuwa wameshaambiwa na mama.

Nikapiga magoti kwenye maganda, nikafungua kaye, nikainua ukurasa uelekee jua, maana ukifanya hivyo maneno yanaonekana chini ya ule wekundu. Nikasoma kwa sauti. Sijawahi kusoma kwa sauti vile. Mwalimu, beba batoto. Kibanda. Muhogo. Chale. Mizigo kichwani, siku mbili.

Nilipomaliza, Mama Mudogo alikuwa amefunika uso. Mama Mukubwa alisogea, akaweka kidole juu ya mstari mwekundu ambao hakuweza kuusoma.

"Pale pa jina yake," akasema. "Rudilia."

Nikarudilia.