Gitaa la Marehemu Aliye Hai

Nilikwenda Kigoma kwa sababu ya hasira. Wengi waliosikia nimekwenda huko walidhani nimefuata ziwa, au samaki, au sokwe wa milimani. Mimi nilimfuata mtu mmoja tu, nikahakikishe kwa macho yangu kama anapumua.

Kazi yangu ni kukusanya na kuthamini vitu vya muziki wa zamani: santuri na majalada yake, picha za bendi, mabango ya dansi, mashati ya jukwaani na ala. Duka langu liko Kariakoo, juu ya wauza vitambaa. Mtu akiwa na santuri ya bendi iliyovunjika zamani na akataka kujua thamani yake, huniletea. Mimi huitazama mikwaruzo kwenye mwanga, husoma lebo, huisikiliza pande zote mbili, kisha huandika cheti na kutia sahihi. Wanunuzi wengi wako Ulaya, na bila cheti hawanunui.

Mwezi ule aliingia dalali mmoja, Frenki, amebeba gitaa la umeme. Rangi yake ilikuwa nyekundu iliyofifia, na ubavuni palikuwa na jina la bendi kwa rangi nyeupe ya mafuta: Mawimbi Jazz, Ujiji. Alitaka niandike kwamba ni gitaa la marehemu Ramazani, mpiga solo wa bendi hiyo, aliyefariki miaka mingi iliyopita. Shati lake la jukwaani na santuri zake, alisema, zimeshasafirishwa kwa mnunuzi. Aliyezithamini ni mtu mwingine. Limebaki gitaa. Aliniachia nilichunguze, akaahidi kurudi mwisho wa wiki.

Nililigeuza mezani. Shingo ilikuwa imelika pale pale ambapo dole gumba hukaa, na hilo ni jambo zuri kwa thamani. Lakini nyuzi zilikuwa mpya, na mkanda wa kuvalia begani ulikuwa umeshonwa juzijuzi kwa uzi wa nailoni. Aliyekufa miaka mingi habadilishi nyuzi.

Nilimpigia simu Mzee Bilali, mstaafu wa reli anayeishi Kigoma, mteja wangu wa santuri wa siku nyingi. Nilimwuliza kama anamfahamu Ramazani wa Mawimbi Jazz. Akasema amemwona Ijumaa iliyopita msikitini Ujiji, akilalamika magoti.

Nilimpigia Frenki, nikajifanya nauliza tu kama ana uhakika na kifo hicho. Alicheka. Hakukana hata kidogo.

"Aliyekufa ana bei, dada Rehema," alisema. "Aliye hai ni mpiga harusi tu."

Niliweka simu chini. Miaka yote niliyofanya kazi hii nilijua kwamba mwanamuziki akifa vitu vyake hupanda thamani. Sikujua kuna watu wasio na subira ya kumngoja afe. Ningemgombeza Frenki, angekuja kulichukua gitaa na kutafuta sahihi kwingine. Kwa hiyo nikalifunga kwenye blanketi, juu nikaviringisha khanga mbili, nikafunga duka na kwenda kituo cha treni.

Treni ilipita Morogoro, ikapita Dodoma. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu, aliyekuwa akirudi kwao Uvinza, alitazama ule mzigo mrefu mapajani mwangu, akaniuliza kwa upole kama nimebeba mgonjwa. Nilimwambia nimebeba mali ya mtu ambaye wamemwua kwa maneno. Alinitazama kidogo, akanimenyea chungwa, akasema basi nile, maana hasira kwenye tumbo tupu hugeuka vidonda.

Tabora tulisimama kwa muda mrefu. Hapo ndipo simu za Frenki zilipoanza. Alikuwa amefika dukani na kukuta kufuli. Sikupokea. Akaandika kwamba ananipa nafasi ya mwisho, kisha akaandika kwamba mimi ni mwizi na atanishitaki. Nilisoma neno hilo, mwizi, treni ikiondoka taratibu, na nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu, yote ya aibu. Nikazima simu.

Kigoma tulifika mchana. Ukitoka kwenye jengo la stesheni ziwa liko pale pale chini yako, na milima ya Kongo inaonekana ng'ambo kama moshi uliosimama. Mzee Bilali alinipokea, akanipeleka kwake mtaa wa Mwanga, na mkewe akatuandalia samaki wa migebuka na ugali wa muhogo. Nilikula haraka kuliko adabu inavyoruhusu. Mzee Bilali aliona, akaita bajaji bila kungoja nimwombe.

Ujiji, nyumba ya Mzee Ramazani iko kwenye kichochoro nyuma ya msikiti. Mbele ya nyumba mkewe, Mama Sifa, alikuwa akipima mawese kwenye chupa za wateja. Mzee mwenyewe alikuwa kibarazani kwenye kiti cha kamba, mtu mrefu, mwembamba, kofia nyeupe kichwani. Baba yake alivuka ziwa kutoka Kalemie, Kongo, zamani, na mpaka leo lafudhi ya ng'ambo haijamtoka. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye blanketi. Aliutambua mzigo kwa umbo lake kabla sijaufungua.

"Kumbe maonyesho yamekwisha," alisema.

Sikuelewa. Alilipokea gitaa, akalifuta vumbi kwa ncha ya kanzu, akaniuliza kwa furaha kama watu wa Dar es Salaam walilipenda, kama waliliweka kwenye kioo, na kama shati na santuri zinafuata nyuma. Pole pole nikaelewa. Kijana mmoja wa kijiji cha Kidahwe aitwaye Jumanne alikuja kwao mwaka ule, akisema yametayarishwa maonyesho ya bendi za zamani na vitu vitarudishwa baada ya Idi. Mzee aliweka nyuzi mpya ili gitaa lisiende na aibu. Mama Sifa alishona mkanda. Na tangu siku hiyo Mzee Ramazani alikuwa akiwaeleza watu msikitini, sokoni na mwaloni wanakoshusha samaki kwamba gitaa lake limewekwa mahali pa heshima. Alikuwa amekataa kupiga kwenye harusi mbili huko Simbo, kwa sababu hakutaka kuazima gitaa la mtu wakati la kwake linatazamwa na wageni.

Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia. Nilimwambia yote, mpaka lile neno marehemu. Mama Sifa aliacha kupima mawese. Mzee aliviinua vidole vyake kutoka kwenye nyuzi.

"Na wanasema nimekufa kwa ugonjwa gani?" aliuliza.

Nilisema hawakutaja. Akatikisa kichwa, kana kwamba hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba hata ugonjwa hawakujali kumtafutia.

Asubuhi iliyofuata Mama Sifa na mimi tulikodi bajaji hadi Kidahwe, kumtafuta Jumanne. Mama Sifa alikuwa amejifunga khanga kiunoni. Kina mama waliokuwa wamepanga ndizi kando ya barabara walitusalimia kwa Kiha, mwakeye, yeye akaitikia na kuulizia nyumba, nao wakatuonyesha kibanda chake cha kuchajia simu.

Jumanne hakuwa jambazi wa kutisha. Alikuwa kijana wa kawaida, mwenye tisheti safi, aliyetupatia viti. Alipomtambua Mama Sifa alianza kueleza kabla hajaulizwa. Frenki ndiye aliyemtuma. Yeye alidhani kweli ni maonyesho. Baadaye ndipo akaambiwa vimeuzwa, na kwamba mzee ametangazwa marehemu, akaona ameshachelewa kusema. Nilimwuliza kutoka Kidahwe hadi Ujiji ni mwendo wa siku ngapi hata ashindwe kwenda kumwambia. Mama Sifa alimtazama kwa muda, kisha akasema jambo moja.

"Ulikula kwangu, Jumanne. Ulipokuja kuchukua vitu, nilikupakulia."

Yule kijana aliinamisha kichwa, akaanza kulia. Machozi yake hayakunipunguzia chochote. Tulipoondoka nilimwona anachukua simu, na nilijua anampigia nani.

Alasiri, tukiwa tumesharudi Ujiji, askari alifika nyumbani. Alikuwa na adabu. Alisema kuna malalamiko kutoka Dar es Salaam kwamba mwanamke aitwaye Rehema ameiba gitaa na yuko nyumba hii. Tukaenda kituoni wote: mimi, Mzee Ramazani na gitaa lake, Mama Sifa na Mzee Bilali. Mkuu wa kituo alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, sawa, lakini mlalamikaji anadai alilinunua kihalali kutoka kwa mjane wa marehemu, na ni haki yake naye asikilizwe. Akampigia Frenki na kuweka simu mezani, sauti ikasikika kwa kila mtu.

Frenki alizungumza vizuri sana. Alinieleza mimi kama mwanamke mwenye tamaa. Alieleza jinsi alivyofika Ujiji mwenyewe, akamkuta mjane katika hali mbaya, mgonjwa, akamhurumia na kununua vitu vya marehemu ili apate chochote cha kumsaidia. Alisema mjane alimshukuru akilia. Nilifungua kinywa nimkatize, lakini Mama Sifa alinishika mkono, akaisogelea meza ilipolala simu.

"Mimi ndiye huyo mjane," alisema. "Sijawahi kukuona. Sijawahi kukulilia. Na mume wangu amekaa hapa mkono wangu wa kulia, anakunywa maji."

Mzee Ramazani aliweka bilauri chini na kusema asalaam aleikum kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayebisha hodi. Hapo Frenki akakata.

Mkuu wa kituo alijaribu tena, simu haikupatikana. Alichukua maelezo yetu, akaagiza Jumanne aitwe, akamwambia mzee achukue gitaa lake aende nalo nyumbani. Alisema suala la shati na santuri litapelekwa Dar es Salaam. Nilimshukuru, ingawa moyoni nilijua vitu vilivyokwisha kuvuka bahari havirudi kwa maelezo ya kituoni.

Nilitarajia jioni ile mzee angepiga. Wote tulitarajia, hata majirani walikuwa wameanza kusogea kibarazani. Hakupiga. Alilaza gitaa mapajani akatazama kichochoro. Nilipomwuliza kama kuna kilichoharibika, alisema gitaa ni zima.

"Ila nimewaambia watu wote liko kwenye maonyesho," alisema. "Sasa nitapita wapi?"

Sijawahi kukasirika namna ile maishani mwangu. Mtu ameibiwa, ametangazwa maiti, na yeye ndiye anayeona haya kutoka nje. Nilimwambia aibu hii ni ya Frenki. Akasema anajua, lakini Frenki hasali Ujiji.

Niliondoka na treni iliyofuata, na kwa hiyo yaliyotokea Ijumaa niliyasikia kwa simu kutoka kwa Mzee Bilali. Baada ya sala, Mzee Ramazani aliomba ruhusa ya kusema neno. Aliwaambia watu kwamba hakukuwa na maonyesho, kwamba alidanganywa, na kwamba aliuzwa kama marehemu. Wengine walianza kucheka, wakidhani ni utani wake, mpaka mzee mmoja aliyewahi kuwa naye katika bendi, mpiga ngoma, alipoinuka akaenda kumkumbatia. Hapo wakajua si utani. Siku chache baadaye wale wenye harusi ya Simbo walikuja tena kumwomba, na safari hii alikubali.

Mimi, katika safari ile ya kurudi, nilikuwa nimefika Tabora wakati ujumbe wa mnunuzi wa Ulaya uliponifikia. Nilikuwa nimemtafuta kupitia wateja wangu na kumweleza kila kitu. Aliandika kwa heshima nyingi. Alisikitika. Halafu akauliza: kwa kuwa mwanamuziki bado yu hai, je, si haki yeye kama mnunuzi apunguziwe bei ya shati na santuri?

Niliusoma mara kadhaa nikitafuta pengine nimekosea lugha. Sikuwa nimekosea. Nikamjibu kwamba shati lina mwenyewe na bado linamtosha. Baada ya mabishano marefu shati lilirudi kwa posta, limepigwa pasi na kuwekwa kwenye mfuko wa plastiki. Santuri hazijarudi mpaka leo. Frenki hajakamatwa. Nasikia amehamia mji mwingine na sasa anashughulika na picha.

Ukiniuliza safari ile ilinifunza nini, sina hekima kubwa ya kukupa. Zamani mtu akileta kitu dukani nilianza kukitazama kitu. Siku hizi sikigusi kabla sijauliza habari za mwenyewe. Mwezi uliopita bwana mmoja aliniletea tarumbeta zuri la shaba kutoka bendi ya zamani ya Tanga, akasema mwenyewe amefariki. Nilimpa pole, nikamwuliza amezikwa wapi. Alilifunga tarumbeta lake kwenye gazeti, akasema anakwenda kuuliza. Bado hajarudi.