Nusu Kikombe cha Uji: Nilivyompeleka Shangazi Hospitali Kubwa Bariadi

Wanajumuiya wenzangu wa Nyashimo, mliniomba niwaandikie namna ya kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa, kwa kuwa mnajua mimi ni mtu wa kusoma matangazo. Ni kweli. Karatasi ikibandikwa ukutani siwezi kuipita kabla sijaimaliza. Ukarani wa shule umeniachia tabia hiyo. Basi nimeandika. Lakini aibu yangu nimeiweka humo humo, maana nikiificha maelezo haya hayatawafaa kitu.

Safari ilianza na simu ya Mama Kulwa, jirani wa Shangazi Ng'washi kule Kasoli. "Njoo umchukue shangazi yako," alisema. "Tumbo linavimba, na barua ya rufaa anayo tangu mwanzo wa mavuno. Ameifunga kwenye pindo la kanga, hamwonyeshi mtu." Shangazi ni dada wa marehemu baba, na ndiye aliyenilea miaka yote ya shule ya msingi. Mimi nimerithi jina la baba yake mzazi, kwa hiyo hajawahi kulitamka jina langu. Ananiita baba, tangu nilipokuwa na kaptula yenye matobo mawili nyuma.

Jumatatu asubuhi niliondoka Nyashimo kwa basi hadi Lamadi, nikapanda jingine la kuelekea Bariadi. Siku hizi ni lami, unafika shati likiwa na rangi yake. Zamani tulishuka na kope zimejaa vumbi, tukachekana. Kando ya barabara pamba ilikuwa imerundikwa kwenye maturubai ikisubiri kupimwa, na moyo wangu ukaanza kurudi nyuma wenyewe. Nililikumbuka lori lililobeba pamba kwenda kiwandani Maswa, na sisi watoto tukilifuata mbio kuokota iliyodondoka. Shangazi aliisafisha na kuitia kwenye mito. Nimelalia pamba ile miaka saba, na sijapata mto mwingine kama ule.

Saa saba mchana nilifika Kasoli kwa bodaboda. Nyumba ina bati jipya, ila jiko ni lile lile, na kigoda ni kile kile. Nilipokuwa mwanafunzi, saa hiyo hiyo ningekuta bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, imechemshwa na kuchanganywa na karanga. Shangazi alikuwa akikaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, akiniangalia mpaka nimalize. "Kula, baba, nikuone," alisema kila siku. Kwake hakuna mtu aliyeondoka na njaa, awe mgeni, awe mgonjwa, awe mchunga ng'ombe anayepita tu na asiyejulikana ametoka wapi.

Nilimsalimu, akaitikia huku anainuka kwa shida akishikilia ukuta. Kabla sijauliza chochote, bakuli lilikuwa mbele yangu.

"Shangazi, barua umeificha ya nini?"

"Nani angevuna? Kula kwanza, baba. Nikuone."

Jumanne asubuhi tuliingia mjini Bariadi kwa gari la kukodi, yeye akiwa amekumbatia mto wake wa pamba. Nilimwambia hospitali ina mito. Akasema hiyo ni ya wengine.

Hapa shikeni kalamu. Mapokezi wanataka barua ya rufaa, kitambulisho na kadi ya bima kama unayo, na jina liwe lile lile kwenye karatasi zote. Ukishaandikishwa, mgonjwa anaonwa na daktari kwanza, ndipo mnatumwa maabara na kwenye picha za tumbo. Msikimbilie maabara kabla, mtarudishwa. Mgonjwa wa kulazwa aje na kanga mbili, ndala, beseni, kikombe na kijiko. Ndugu wanaombwa kuchangia damu. Mimi nilitoa, na haiumi kama inavyosimuliwa vijiweni kwetu. Kuona wagonjwa ni mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na jioni, na kengele ikilia mnatoka. Usikae kwenye kitanda cha mgonjwa. Kwenye wodi ya wanawake mwanamume haruhusiwi kulala, hivyo mimi nilipanga chumba karibu na geti.

Picha zilionyesha uvimbe kwenye kizazi. Daktari alitueleza taratibu, bila kututisha: uvimbe umeanza kubana njia ya mkojo, ukiachwa utaharibu figo, utolewe wiki hii. Shangazi aliweka dole gumba kwenye fomu ya kukubali. Alilibonyeza kwa nguvu kama anayefunga mlango.

Jumatano jioni nesi alitundika kibao kitandani kwake: ASILE. Kisha akatugeukia, mimi na mgonjwa. "Upasuaji ni kesho. Kuanzia leo akimaliza chakula hiki, hakuna kula wala kunywa, hata maji. Mmenielewa?" Nilijibu kabla ya mgonjwa. Nilishakisoma kibao mara mbili, na nje ya wodi nilisoma tangazo lote linalosema hivyo hivyo.

Alhamisi asubuhi niliingia na chupa yangu ya uji. Mnajua nina vidonda vya tumbo, chai siiwezi, na mama lishe wa getini ana uji mzuri wa ulezi. Sikuwa na nia mbaya. Shangazi alikuwa amekaa, ameegemea mto wake, midomo imekauka.

"Mwangaluka, baba," alinisalimu kwa Kisukuma. "Hicho ni uji?"

"Ni wangu, shangazi. Wewe leo huruhusiwi."

"Najua." Akaitazama chupa. Halafu akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nina njaa, baba."

Katika maisha yangu yote shangazi hakuwahi kuniambia ana njaa. Mwaka ule mvua zilipokatika na ghala likabaki na debe moja, alisema ameshakula, na mimi nikamwamini kwa kuwa nilikuwa mtoto na bakuli lilikuwa mbele yangu. Nilisimama pale, mzee mwenye mvi, kibao kikinitazama, na nikamimina nusu kikombe. Nilijidanganya kwamba nusu si kitu. Alikunywa akiwa amefumba macho.

Saa mbili walikuja kumchukua. "Bibi, hujala chochote?" nesi aliuliza.

Shangazi hajui kusema uongo labda iwe kwa ajili ya njaa yake mwenyewe. "Nimekunywa uji kidogo. Baba yangu amenipa."

Nesi alinitazama. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Aliniita pembeni akanieleza kwamba mtu akipewa dawa ya usingizi, kilicho tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, akafa mezani kwa sababu ya huo huo uji. "Nusu kikombe kinatosha, mzee," alisema. Upasuaji ulisogezwa hadi Jumatatu. Ndugu zangu, niliona haya.

Mchana wa siku ile ndipo hatari yenyewe ilipojitokeza. Nilimkuta shangazi amekunja kanga zake, mto uko mapajani, rozari iko juu ya mto.

"Nirudishe Kasoli."

"Shangazi, uvimbe je?"

"Safari ikiharibika asubuhi, wazee wa ukoo waliotangulia kufa hawaitaki. Padre atanisamehe, lakini mimi nawajua wazee wangu."

Nilijua akirudi Kasoli haji tena. Barua ile ingerudi kwenye pindo, msimu mwingine ungeanza, na siku moja Mama Kulwa angenipigia simu ya namna nyingine. Nilipiga magoti kando ya kitanda, maana kukaa hawaruhusu.

"Wazee hawakuharibu kitu. Nimeharibu mimi. Sikuweza kukuona na njaa."

Aligeuzia uso ukutani.

"Jumatatu na mimi sili," nikasema. "Utakapoacha wewe ndipo nitakapoacha na mimi, mpaka utoke."

Akageuka haraka. "Wewe mwenye vidonda vya tumbo?"

"Mimi huyo."

Alinitazama kwa muda mrefu, kama zamani alivyoniangalia nikikataa kumaliza bakuli. Kisha akaanza kukunjua kanga, moja baada ya nyingine. "Basi waambie waniingize mapema," alisema. "Usije ukaugua kwa ajili yangu."

Jumatatu asubuhi niliingia wodini mikono mitupu. Alininusa mdomo kwanza, kuhakikisha. "Kweli hujala," akasema kwa masikitiko makubwa, na mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka mpaka akashika mshono wake. Nesi aliuliza swali lile lile, na safari hii tulijibu wote wawili kwa pamoja.

Kabla hajaingia alivua hereni akanipa, pamoja na rozari na mto. Nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji nikiwa na mto ule kifuani. Mbele yangu ukuta ulijaa matangazo. Sikusoma hata moja. Tumbo lilikuwa linaniwaka, na kila mlango ulipofunguka nilisimama. Nilifikiria mwaka wa lile debe moja. Nilifikiria jinsi ambavyo sikuwahi kumuuliza.

Mchana kengele ya wageni ilikuwa inalia walipomtoa kwenye kitanda cha magurudumu. Daktari alisema uvimbe umetoka wote, na figo ziko salama. Nilimfuata mpaka wodini, nikamwekea mto wake. Ilichukua muda. Mwishowe macho yalifunguka kidogo, yakazunguka darini, yakanipata.

"Umekula, baba?"

"Bado, shangazi."

"Nenda ukale," akasema kwa hasira, akalala tena. Nililia mbele ya wodi nzima, wala sikujali.

Ijumaa tuliruhusiwa. Hakikisheni mnatoka na karatasi ya ruhusa, dawa zilizoandikwa muda wa kumeza, na tarehe ya kurudi kliniki. Na mgonjwa wa tumbo asiinue kitu kizito mpaka daktari aseme. Njiani kurudi Kasoli shangazi alitazama pamba dirishani akalalamika kwamba watu wa siku hizi wanaivuna ovyo. Nilifurahi sana kumsikia analalamika.

Mliniuliza ni lipi kubwa nililojifunza. Nilikuwa nadhani kumpenda mgonjwa na kumtii nesi ni jambo moja, kumbe kuna asubuhi ambayo utalazimika kushika moja kwa uchungu ili usipoteze yote mawili. Mgonjwa wenu akiwaomba uji na kibao kiko kitandani, chukueni chupa yenu mtoke nje. Lieni huko huko nje, halafu mrudi.

Nyumbani Kasoli sikumruhusu kugusa chungu. Michembe niliipika mimi, yeye akiniongoza kutoka kwenye kigoda: maji mengi hayo, karanga bado, punguza moto. Nilipakua mabakuli mawili. La kwake nilimwekea mkononi, nikakaa chini, mikono juu ya magoti.

"Lako utakula saa ngapi?" akauliza.

"Baadaye. Kwanza kula, shangazi. Nikuone."

Alitazama bakuli, akanitazama mimi. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alianza kula kabla yangu.