Mafiga ya Nyumba ya Matogoro

Siku yangu ya kwanza katika nyumba ya hifadhi ya Matogoro, Msimamizi, mama wa makamo aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba, alinipeleka moja kwa moja jikoni. Alinionyesha sufuria kubwa, akasema, "Hapa tunapika chungu kimoja. Usiniletee huruma za kijijini." Nilikuwa nimetoka Mpitimbi, kituo changu cha kwanza, ambako ofisa maendeleo ya jamii alikuwa mtu wa kila kazi. Hapa kazi ilikuwa moja: kuwatunza wanawake wasio na pa kulala, pamoja na watoto wao, hadi wapate pa kwenda.

Tulianza na mapokezi, yaani kumlisha mtu na kumlaza kabla ya kumhoji. Baada ya mahojiano ulifuata usuluhishi, ambao maana yake ni kwenda kwa ndugu kuuliza iwapo mlango ungali wazi. Mara nyingi haukuwa wazi. Na ulipokuwa wazi, ndipo nilipoogopa zaidi.

Katika mwaka wangu wa pili alikuja Mama Rehema, mjane kutoka upande wa Namtumbo. Mashemeji zake walikuwa wamechukua nyumba na shamba la tumbaku, wakamtoa yeye na watoto wake watatu. Alikaa kwetu akila kidogo. Kisha shemeji mkubwa, ambaye alikwisha kumpiga zaidi ya mara moja, akatuma ujumbe: arudi, atapewa banda la nyuma, ila akubali kurithiwa naye. Mama Rehema akaanza kufunga mizigo.

Nilimuuliza sababu.

"Dada, kule nitapigwa, lakini nitapika," alijibu. "Hapa wanangu wanapanga foleni na sahani. Huyu mdogo siku hizi anamwita mpishi mama."

Nilikwenda kwa Msimamizi kuomba mama huyo apewe unga na maharage yake mabichi, apike mwenyewe. Alikataa, na sababu zake zilikuwa za haki: moto, watoto, kuni. Leo mafiga yake, alisema, kesho uwanja mzima unafuka moshi. Nikamwambia kwamba bila moshi huo atarudi kwa yule mtu. Akanyoosha kidole uani.

"Nyuma, mbali na ukuta. Mtoto akiungua, utaeleza wewe."

Mama Rehema akatafuta mawe matatu ya kuinjikia chungu. Moja alilolitoa kijitoni lilipasuka, maana mawe ya majini hayavumilii moto. Akaleta jingine kutoka mlimani. Jioni ile alimpelekea Msimamizi ugali kwenye bakuli lililofunikwa, akamwambia, "Karibu kwangu, mama." Msimamizi alikula amesimama, akamaliza. Mizigo ikafunguliwa.

Mama Rehema alipopata chumba mtaa wa Bombambili, alitaka kuondoka na mafiga yake. Dereva wa bodaboda akamtania: "Mama, Bombambili mawe yamekwisha?"

"Yapo," alisema, "ila hayajanipikia." Akayapakia.

Nimestaafu nikiwa nimechoka. Nilipokuwa kijana nilidhani kwamba tukiwahudumia wengi, mwishowe nyumba ile itakosa watu na kufungwa. Haikupata kuwa tupu. Hata siku niliyokwenda kukabidhi funguo nilimkuta mwanamke mgeni, mtoto mgongoni, ameinama kando ya kijito akichagua mawe. Mahojiano hayakuwa kazi yangu tena, wala sikumuuliza jina. Nilimwambia tu ayaache yale, nikamwonyesha upande wa mlimani.