Kupalilia Jicho

Tuligundua kwa shikamoo. Mama yangu, mjane anayeishi peke yake kijijini Kwai, milimani, alianza kumwamkia kila anayepita mbele ya nyumba yake, hata mtoto wa jirani wa darasa la pili. Mtoto alikimbia kwao analia. Huku kwetu mzee hampi mtoto shikamoo, na yule alidhani amelaaniwa. Nilipomuuliza mama, akasema, "Sura zimekuwa doa tu. Bora nimwamkie mdogo kuliko kumnyima mkubwa."

Daktari wa macho alieleza kwamba sukari aliyoishi nayo miaka mingi imeharibu nyuma ya jicho. Mishipa mipya ya damu imeota pasipotakiwa, nayo inavuja. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda. La kulia lingechomwa sindano kila mwezi, ndani ya jicho lenyewe, ili mishipa inywee.

Tangu hapo maisha yangu ni safari. Natoka Lushoto kumfuata Kwai, tunashuka Mombo alfajiri, tunaunganisha basi hadi hospitali, tunakaa foleni. Matone ya ganzi, sindano, kisha tunarudi jicho limefunikwa. Nimechoka. Nasema wazi, maana wanaodai kumuuguza mama hakuchoshi hawajauguza.

Siku moja kwenye foleni nilinung'unika kwamba sindano hizi hazina mwisho. Mama akanijibu kwa Kishambaa, kama afanyavyo akitaka nisikie vizuri: amelima karoti na kabichi maisha yake yote, hajaona shamba lililopaliliwa mara moja likatulia. Nilicheka, lakini sikupoa. Moyoni niliapa kwamba nikimkuta bado hanitambui, tunaacha.

Juma lililofuata nilikwenda kwake. Nikaingia uani kimyakimya, nikasimama mbele yake akimenya viazi. Akainua uso. Nilingoja aniamkie kama mpita njia, na niliogopa kweli. Alinitazama tu, kisu mkononi, amekunja uso.

"Wewe," akasema, "nani kakufundisha kusimama mbele ya mama yako bila kumwamkia?"

Nikampa shikamoo yake, machozi yananitoka. Akaitika marahaba, akarudi kwenye viazi. Nikakaa chini kando yake, miguu inaniuma, nikijua kwamba mwezi ujao tunashuka tena.